Kupikia familia ya Kihindu: kwa nini samli ruksa na yai marufuku?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina kampuni ndogo ya upishi wa shughuli hapa Arusha. Nimepata oda ya familia ya Wahindu wenye asili ya Gujarati: Jumamosi chakula cha mchana cha watu 150, na Jumapili chakula cha wazee 20 ambao siku hiyo wanafunga, wanaiita Agiyaras. Wamesema hakuna nyama, samaki, mayai, vitunguu maji wala vitunguu saumu, ila samli, maziwa na mtindi hawana shida navyo. Nilipokwenda kwao kupika kidogo cha majaribio, mama mwenye nyumba alinizuia nisionje mchuzi. Naomba unifafanulie. Kwa nini maziwa yakubalike na yai likataliwe? Kitunguu kina kosa gani? Na mtu aliyefunga anaagizaje chakula? Sitaki kuwaharibia shughuli yao.

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umefanya jambo la maana kuuliza sababu, maana orodha ya makatazo haitoshi jikoni. Utaikariri yote, kisha ukifika dukani utakutana na kitu ambacho hakuna aliyekuandikia. Ukiijua sababu utaamua mwenyewe.

Kwanza, usiwaweke Wahindi wote kapu moja. Wahindi Waislamu, kama Mabohora na Maismailia, wanakula nyama. Hata Wahindu wenyewe hawafanani: Wabengali wengi samaki ni chakula chao cha kila siku, na utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba asilimia 44 tu ya Wahindu wa India wanajitaja kuwa hawali nyama kabisa. Nyama ya ng'ombe ndiyo wengi mno wanaikataa. Wagujarati ni miongoni mwa walioshika sana kutokula nyama, na asili ya Wahindu wengi wa Afrika Mashariki ni huko.

Sasa maziwa na yai. Msingi wake ni ahimsa, kutokidhuru kiumbe hai. Ng'ombe hukamuliwa akabaki mzima, tena kwao ana heshima ya mama, kwa hiyo maziwa, mtindi na samli ni vyakula safi na vya baraka. Yai wao wanaliona ni uhai uliokatishwa, hata kama kuku hakupandwa na jogoo. Sheria ya India nayo inafuata mkondo huo: kila pakiti ya chakula lazima iwe na alama, ya kijani kwa kisicho na nyama, ya kahawia kwa chenye nyama, samaki au mayai. Ukinunua bidhaa za India, tafuta alama ya kijani kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Hapa ndipo wapishi wengi wanapoteleza. Kidonge cha supu chenye ladha ya kuku au ng'ombe hakifai. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, hivyo jeli na pudini nyingi zinatoka. Baadhi ya jibini ngumu hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Tumia paniri, jibini laini ya Kihindi inayogandishwa kwa limau. Keki iwe ya bila mayai. Mafuta yaliyokaangia samaki jana usiyarudishe jikoni hata ukiyachuja mara tatu. Na sufuria, mbao za kukatia na visu vilivyozoea nyama viache ofisini. Kama huna vingine, kodi, na gharama hiyo uiweke kwenye bei yako waziwazi. Mteja wa aina hii hulipa kwa moyo mmoja akijua kwa nini analipa.

Kitunguu ni suala tofauti, maana hakina damu wala uhai wa mnyama. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 17, inagawa vyakula kwa namna vinavyoigusa nafsi ya mlaji: vya sattva vinatuliza na kutia afya, vya rajas ni vikali na vinachochea, vya tamas ni vilivyolala, vilivyooza au makombo. Vitunguu havikutajwa hapo kwa jina, lakini kitabu cha kale cha sheria za Manu kinavikataza pamoja na saumu na uyoga. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, na waumini wengi wa mungu Krishna wanashika hivyo mpaka leo, wakiamini kwamba vitu hivyo huchemsha tamaa na kuzizimisha akili. Umeuona uyoga? Mpishi akinyimwa nyama hukimbilia uyoga upesi. Usiupike kabla hujauliza.

Ladha ya kitunguu utaipata kwenye mvuje. Ndiyo, mvuje huu huu ambao wazee wa Pwani wanaufukiza. Utie kwenye samli au mafuta ya moto kwa sekunde chache, harufu yake kali itageuka ifanane na ya kitunguu kilichokaangwa. Anza na nusu kijiko cha chai kwa kilo moja ya mbaazi kavu zilizokobolewa, ambazo ndizo dali ya Wagujarati. Malizia kwa tangawizi, bizari nyembamba, mbegu za haradali, nyanya, kipande cha sukari guru na ukwaju kidogo, kwa sababu wanapenda dali iwe na utamu na ukali pamoja. Rojo la mboga lisilo na kitunguu huwa jepesi. Litie uzito kwa korosho au karanga zilizosagwa. Lakini baadhi ya wafuasi wa Swaminarayan hawali hata mvuje, kwa hiyo muulize mama kwanza.

Kuhusu kuonja, mama hakukudharau. Chakula katika nyumba ya waumini hutolewa kwanza kwa Mungu, ndipo watu wanakila kama prasad, yaani baraka iliyorudi. Katika Gita, Krishna anasema anapokea jani, ua, tunda au maji, mradi vimetolewa kwa upendo. Mwanadamu akitangulia kuonja, kilichobaki ni makombo yake. Pia mate yanatia unajisi: kijiko kilichogusa mdomo hakirudi chunguni. Kwa hiyo pima chumvi kwa mizani, fanya majaribio jikoni kwako mpaka vipimo vikae sawa, na siku yenyewe pika kwa vipimo. Kama kuna chakula cha kupelekwa hekaluni, ushauri wangu ni uwaachie wao wakipike. Mahekalu mengi yana wapishi wake na masharti yake, na kukiacha si kukosa heshima.

Agiyaras ni siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kwa hiyo huja mara mbili kwa mwezi. Wapo wasiokula wala kunywa siku hiyo, na wapo wanaokunywa maji tu. Wengi hujinyima nafaka na jamii ya kunde, kisha hula vinavyoruhusiwa, navyo huitwa farali. Ondoa wali, ngano, mahindi, dengu, choroko na mbaazi. Ondoa hata unga wa mahindi wa kuzitia mboga uzito. Tumia wanga wa muhogo. Mvuje wa dukani nao huchanganywa na unga wa ngano mara nyingi, kwa hiyo Jumapili usiuguse. Wengi huacha pia manjano na haradali, na chumvi yao huwa ya mawe.

Usihofu, vilivyobaki ni vingi na vitamu. Muhogo wa kuchemsha uliokaangwa kwa samli, bizari nyembamba na pilipili mbichi ni chakula cha kufunga ambacho familia hizi zimekipenda hapa hapa kwetu, wanauita mogo. Ongeza kichiri cha sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo: ziloweke mpaka punje ipondeke kati ya vidole, kisha zigeuze jikoni na viazi, karanga zilizopondwa na limau. Puri za unga wa mbegu za mchicha, mtindi wenye tango, tende na matunda vitawatosha wazee 20.

Kabla hujafunga menyu, uliza pia kama kuna wageni Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India. Wao hawali vinavyochimbwa ardhini, viazi na karoti vikiwemo, kwa hiyo viazi unavyompa Mhindu aliyefunga Jumapili ndivyo Mjaini anavyovikwepa siku zote. Wakiwepo, watengee dali na mboga ya ndizi mbichi au kabichi isiyo na tangawizi mbichi, kwenye vyombo vyenye vibandiko, na mhudumu mmoja ajue kila kibandiko kina maana gani.