Usifomati Kwanza: Waifai Inapokataa Kwenye Linux

Vijana mnaoingia karakana kwa mara ya kwanza, hili naliweka mbele ya mengine yote: mteja akileta laptopu ya Linux na kusema "fundi, waifai imekufa", usikimbilie flashi ya kufomatia. Mimi nilikimbilia. Mwaka wangu wa kwanza hapa Busia, upande wa Uganda, mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea mashine yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nikaiwekea mfumo upya mara tatu ndani ya siku mbili. Mara zote tatu waifai haikutokea, na ile mara ya kwanza nilimfutia maandalio ya muhula mzima kwa sababu sikumuuliza kama ana nakala. Kumbe ilikosa draiva tu, yaani programu ya kuiendesha kadi ya waifai, kazi ya dakika kumi ukipata intaneti ya kuazima. Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, Jumatatu nitawafundisha nini?" Tangu siku ile naihoji mashine kwanza, ndipo naigusa.

Na mashine ya Linux ukiihoji, hujibu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `lspci -nnk`, kisha tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Hapo utaona jina la kadi na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Namba ya kwanza hutaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Namba hizo ndizo za kunakili unapotafuta msaada. Jina lililobandikwa kwenye mfuniko wa laptopu halikusaidii sana, kwa maana mashine mbili za modeli moja huweza kuwa na kadi tofauti ndani. Kama waifai ni kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, tumia `lsusb`.

Kadi isipotokea kabisa, hapo weka terminali pembeni. Angalia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla mfumo haujawaka, kama haikuzimwa, kisha toa betri, fungua mfuniko, ichomoe kadi na uirudishe vizuri, na uhakikishe nyaya zake mbili za antena zimeshika. Mashine zetu husafiri sana kwenye boda boda na barabara za mashimo.

Mara nyingi lakini kadi itaonekana, ila chini yake hakuna mstari wa "Kernel driver in use". Maana yake mfumo unaiona kadi na haujui namna ya kuiendesha. Na hata mstari huo ukiwapo, bado kadi huweza kukosa faili dogo inalolihitaji kila inapowashwa, tunaloliita fimuweya. Andika `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ukikuta imeandikwa imeshindwa kupakia, na mwishoni kuna -2, basi faili hilo halipo kwenye diski. Hili lilisumbua sana watumiaji wa Debian, Linux ya aina nyingine, kwa sababu kwa miaka mingi fimuweya zisizo huria hazikuwekwa kwenye diski yao rasmi ya kusakinishia. Kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, zimo. Kwa hiyo mtu akikuletea flashi ya zamani iliyopita mikono kumi, muulize ni toleo lipi kabla hujalaumu kadi. Kwenye Debian vifurushi vyenyewe ni kama `firmware-iwlwifi` kwa Intel na `firmware-realtek` kwa Realtek. Kadi nyingi za zamani za Broadcom kwenye Ubuntu huhitaji `bcmwl-kernel-source`.

Kuna mtego hapo. Kama Secure Boot, ule ulinzi wa mashine unaokataa programu zisizo na sahihi inayoitambua, imewashwa, Ubuntu itakuomba utunge nenosiri wakati wa kuweka draiva hiyo ya Broadcom. Mashine ikiwaka tena, inatokea skrini ya buluu usiyoizoea. Wageni wengi huogopa na kubonyeza kuendelea, mashine inawaka kama kawaida, na draiva inakataliwa kimya kimya. Pale chagua "Enroll MOK", kubali, andika nenosiri ulilotunga. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kwa ajili ya skrini hiyo moja.

Sasa utauliza, intaneti ya kupakulia draiva itoke wapi kama waifai yenyewe ndiyo mgonjwa? Simu. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, uwashe kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio yake. Linux huiona kama mtandao wa waya, bila kuweka chochote. Kebo iwe ya data, maana nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu. Jaribu ya pili kabla ya kukata tamaa. Na ulinde bando lako, kwa kuwa mwanagenzi hutumia fedha zake mwenyewe. Fungua mipangilio ya muunganisho huo na uweke alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo, ama andika `nmcli connection modify` likifuatiwa na jina la muunganisho, kisha `connection.metered yes`. Ubuntu ikijua hivyo, hupunguza masasisho inayovuta yenyewe kwa nyuma.

Sisi tulio mpakani tuna jambo letu la ziada. Simu ikiwa dirishani huweza kuhamia mtandao wa upande wa Kenya bila wewe kutambua. Laptopu itasema imeunganishwa, na kweli imeunganishwa na simu, lakini simu haina data huko ilikohamia. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, chagua wa Uganda kwa mkono.

Kadi ipo, draiva ipo, ila hakuna mtandao unaoonekana? Andika `rfkill list`. "Soft blocked: yes" hutibiwa kwa `rfkill unblock wifi`. "Hard blocked: yes" kwa kawaida ni kitufe au swichi ya laptopu yenyewe, tafuta ubavuni, au kwenye kibodi penye alama ya antena au ndege. Kama mashine ina Windows pia, ingia huko uzime ule uwashaji wa haraka (Fast Startup), kwa sababu Windows hapo haizimiki kikamilifu na huweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha.

Mtandao mmoja tu wa jirani ukikosekana huku simu zote zinauona, fikiria chaneli. Mashine iliyopangwa kwa kanuni za Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11 kwenye masafa ya 2.4 GHz, na ruta ikiwa kwenye 12 au 13 haitaonekana. `sudo iw reg set UG` husaidia baadhi ya kadi. Nyingine hujiamulia zenyewe, na kwa hizo ni rahisi kuirudisha ruta kwenye 1, 6 au 11.

Ikiunganika na kurasa zikagoma, piga `ping 1.1.1.1`, kisha `ping ubuntu.com`. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijibu, tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Zote mbili zikijibu na kivinjari bado kinalalamikia vyeti vya usalama, tazama tarehe. Laptopu za mitumba huja na betri ndogo ya saa, ile CR2032, imekwisha, na mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Vyeti vyote vinaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, badilisha betri. Lakini saa ikipishana saa tatu kamili kati ya Windows na Linux, betri ni nzima. Linux husoma saa ya ndani kama UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Uganda tuko saa tatu mbele ya UTC. `timedatectl set-local-rtc 1` hulimaliza.

Inayokatika kila baada ya dakika chache, fungua `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, kwenye mstari wa `wifi.powersave` badilisha 3 iwe 2, kisha uwashe upya NetworkManager, programu inayosimamia mitandao. Hiyo huzuia kadi kulala ili kuokoa betri.

Wanafunzi wa vyuo watakuja na eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, ambayo hapa Uganda huletwa na RENU, mtandao wa taasisi za elimu na utafiti. Chagua PEAP na MSCHAPv2, jina la mtumiaji liandikwe zima pamoja na sehemu ya chuo baada ya @. Linux itakupa kisanduku cha kusema cheti hakihitajiki. Msikiweke alama, hata kama mteja ana haraka na hata kama kinafanya kazi papo hapo. Bila cheti, laptopu itamwamini yeyote atakayewasha mtandao wenye jina hilohilo na kufikisha nenosiri la mwanafunzi mikononi mwake, nalo mara nyingi ndilo linalofungua barua pepe na matokeo yake. Pakua skripti ya chuo chake kutoka ukurasa wa eduroam CAT. Inaweka cheti yenyewe.

Kila mashine inayopona, andikeni kwenye daftari namba ya kadi, mfumo na toleo lake, amri iliyosaidia. Ukurasa wa kwanza wa langu ni ile laptopu ya mwalimu. Na pale itakapobidi kweli kufomati, nakili kwanza faili za mteja kwenye diski ya nje, mwite, azifungue mbili tatu mbele yako.