Jibu: Kisima cha kuuzia maji Jambiani kinatoa mchanga na chumvi

Shekhe, umesema tangu uweke pampu kubwa kisima kinatoa mchanga na chumvi. Usikimbilie kuchimba kingine. Pwani hiyo ya Zanzibar ni mawe ya matumbawe: maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, na ukivuta kwa nguvu, yale ya chumvi hupanda. Kipumzishe, kisha weka pampu ndogo, uining'inize juu zaidi, uvute kwa vipindi.

Mchanga ni habari nyingine. Huenda bomba la chujio, lile lenye matundu ya kuingiza maji na kuzuia mchanga, limepasuka. Toa pampu, teremsha kamera. Changu kilikuwa na ufa wa kupita kidole! Tulishusha bomba jembamba ndani yake, tukajaza kokoto safi kuzunguka, mchanga ukakatika. Chumvi ipime kila wiki, tafadhali. Watu wanayanywa hayo maji.