Wafanyakazi wanaokosa kazini: yale niliyoyaona kiwandani Tororo

Ndugu mwenye karakana ya useremala, umeeleza kwamba una wafanyakazi 14, kwamba kila Jumatatu hukosekana watatu au wanne, na kwamba umekwisha kuwakata ujira wa siku mbili kwa kila siku moja waliyokosa lakini hawakomi. Sasa unauliza kama unaweza kuwafukuza wawili ili wengine waogope. Nimesimamia zamu katika kiwanda kidogo cha mikate hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa miaka tisa, na adhabu hiyo hiyo ya siku mbili niliikuta ikitumika, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyashuhudia.

Adhabu ile ilizaa utoro mwingine. Mkandaji wetu mmoja alikosa Jumatatu, akajua kwamba siku mbili zimekwisha kupotea, na Jumatano nikamkuta sokoni akipakua magunia ya mahindi ili afidie fedha alizokatwa. Siku hiyo unga uliokwisha kuchanganywa na hamira uliumuka mpaka ukachacha, kwa kuwa aliyebaki hakuweza kuukata na kuupanga peke yake kabla tanuri halijapoa.

Jambo la kwanza lililotusaidia lilikuwa daftari. Zamani liliandikwa yupo au hayupo tu. Niliongeza nafasi ya sababu, jina la aliyepewa habari, na saa aliyopewa, nikaliacha lijae kwa miezi kadhaa kabla ya kumwadhibu mtu yeyote. Nilipolisoma, niliona kwamba Jumatatu haikuwa mbaya kama nilivyoamini. Siku zilizotuumiza zaidi zilikuwa zile za shule kufunguliwa, Februari, Mei na Septemba, mzazi anapozunguka kutafuta karo, na wiki za mvua ya kwanza ya Machi, ambapo mwenye shamba kijijini hawezi kuahirisha kupanda. Mwishoni mwa Mei kulikuwa na wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo, karibu na Kampala, kuiwahi Siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, ya tarehe 3 Juni, safari ya siku kadhaa ambayo kila mmoja wetu aliijua tangu Januari, nasi bado tulikuwa tukishtuka kila mwaka. Mambo kama haya hupangwa. Tulianza kuuliza mapema nani anataka kutumia likizo yake lini, na likizo yenyewe ni haki yake: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka.

Jambo la pili, ambalo mimi nalithamini kuliko yote, ni kuzungumza na mtu siku ile ile anayorudi, faraghani, kwa dakika tano au kumi, bila kufoka. Kulikuwa na mama mmoja wa zamu ya asubuhi aliyekosa Alhamisi moja kila mwezi, na mkurugenzi alikuwa tayari kumwachisha kazi. Nilipomwuliza tukiwa wawili, alinyamaza kwa muda, kisha akatoa kwenye mkoba daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akaliweka juu ya meza iliyojaa unga. Lilikuwa daftari la kliniki la mtoto wake mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, likiwa na tarehe za Alhamisi ukurasa baada ya ukurasa. Aliogopa kwamba tungemwondoa tukijua. Tulimbadilishia zamu kwa siku hizo, naye hakukosa tena bila taarifa.

Kwa mgonjwa mwenyewe sheria iko wazi. Aliyefanya kazi kwa mwezi mmoja au zaidi ana haki ya ujira kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa, ilimradi akupe habari mapema kadiri awezavyo, na ukimtaka alete cheti cha daktari, akilete. Malaria ya siku mbili haihitaji ugomvi. Kuhusu mazishi, kaa na wafanyakazi mkubaliane ni siku ngapi kwa mzazi, mwenzi au mtoto, na ngapi kwa ndugu wa mbali, kisha makubaliano hayo yabandikwe ukutani.

Wapo pia watoro wa kweli, na sitaki udhani nawatetea. Kijana mmoja alitudanganya kuhusu msiba ambao haukuwepo. Tulimpa onyo la maandishi, akarudia; tukamwita kwa barua iliyotaja tarehe zote, tukamweleza kwamba anaweza kuja na mtu amtakaye, akaja na mjomba wake, tukawasikiliza wote wawili, na ndipo akaachishwa. Usiruke hatua hiyo ya kumsikiliza, hata kosa likiwa dhahiri, kwani ukimfukuza bila kumsikiliza unaweza kutakiwa kumlipa ujira wa wiki nne kwa kosa hilo peke yake, na mbele ya afisa wa kazi wa serikali ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha sababu.

Kwa hiyo usiwafukuze wawili hao kwa ajili ya kuwatisha wengine. Keti na kila mmoja peke yake Jumanne asubuhi, ukiwa na daftari mkononi, umwulize kuhusu tarehe moja moja. Siku aliyokosa huhitaji kumlipa ikiwa hakuwa mgonjwa wala likizoni, lakini ile siku ya pili uliyomkata aliifanyia kazi, na sheria haimwachii mwajiri kujiamulia makato ya namna hiyo. Zirudishe fedha hizo pamoja na mshahara wa mwezi huu, uwaambie wote 14 kwamba umezirudisha.