Barua kwa mwanangu: vitamini za baba yako

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Tanga. Sisi wazima, baba yako yuko barazani anapunga upepo. Umeniuliza kama utume chupa za vitamini D na E ili asije akasahau majina yetu kama alivyosahau babu yako. Hofu hiyo hata mimi ninayo, lakini usinunue kwanza.

Uliyosoma, kwamba kukosa D kunaendana na ugonjwa wa kusahau, ni kweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wazee 1,658, na wenye upungufu mkubwa walikuwa na hatari ya Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa huo, zaidi ya mara mbili ya wenzao. Lakini mzee ambaye ubongo umeanza kudhoofika anashinda ndani, halioni jua, na vitamini inashuka. Huenda tunaona matokeo tukadhani ni chanzo. Wazee walipopewa vidonge vya D kwa majaribio, kumbukumbu zao hazikuwazidi waliopewa vidonge visivyo na dawa. D meza wewe uliye Leeds, Uingereza. Huko wenye ngozi nyeusi wanashauriwa mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

E ndiyo usithubutu. Jaribio la wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha mwaka 2011 kuwa waliomeza dozi kubwa ya E walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Kinachoninyima usingizi ni vitamini B12. Baba yako anameza metfomini ya kisukari tangu hujaolewa, na dawa hiyo ikitumika miaka mingi huzuia B12 isifyonzwe vizuri utumboni. Ongeza na omeprazoli yake ya vidonda vya tumbo, inayopunguza asidi inayoitoa B12 kwenye nyama na samaki. Kwa hiyo maini na dagaa anakula, ila mwili haufaidi. Siku hizi kandambili inamvuka mguuni na yeye anaendelea kutembea, hana habari mpaka nimwite. Anasema sakafu anaikanyaga kama kavaa soksi. Kliniki wanasema ni ganzi ya sukari, na huenda ndiyo. Lakini B12 ikipungua huleta ganzi hiyohiyo, na kusahau, na hasira za ghafla. Nayo inatibika kwa sindano au vidonge ikiwahiwa. Ikichelewa, neva haziponi zote.

Mwambie na kaka yako asimletee asidi ya foliki ya dukani kabla ya kipimo. Hiyo hurekebisha damu ikaonekana safi, huku neva zinaendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Hela ya chupa itume tukapime B12 maabara. Nataka apimwe na masikio, maana televisheni anaifungulia mpaka jirani anasikia habari. Jopo la jarida la utabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kurekebishwa: vitamini haimo, ila usikivu hafifu umo, na presha, na kisukari. Majibu yakitoka nitakupigia siku hiyohiyo.

Mama yako