Mguu uliovimba miaka: usichanjwe “maji yatoke”

SWALI: Daktari, mguu wangu wa kushoto umevimba, huu mwaka wa sita. Zamani ukilala ulikuwa unashuka, siku hizi haushuki. Kila baada ya miezi kadhaa napata homa, mguu unawaka na kuuma. Nimepimwa damu mara mbili mchana, minyoo ya matende haikuonekana. Duka la dawa walinipa vidonge vya kukojoza. Sasa jamaa wanataka nichanjwe chale maji yatoke. Nikubali? – Msomaji, Likoni

JIBU: Usikubali, dada yangu, hata kama mchanjaji ni ami yako.

Kuhusu kipimo: vijiminyoo vya matende hutembea kwenye damu usiku, baina ya saa nne na saa nane. Mchana utavikosa. Na uvimbe ukishakomaa, wengi hawana tena vimelea hata usiku. Minyoo imekufa, mishipa ya limfu (inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu) imeshaharibika. Kwa hivyo jibu la “hakuna” halithibitishi kwamba huna matende, sembuse kwetu Pwani. Jomvu, hapa Mombasa, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya kupewa dawa tatu za matende kwa pamoja, mwaka 2018, na haikuwa bila sababu. Hata hivyo daktari akupapase kinena na tumbo, maana saratani ya mlango wa kizazi, upasuaji wa kinena au mionzi pia huziba njia za limfu. (Mguu mmoja ukivimba ghafla ndani ya siku mbili tatu, huenda damu imeganda, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.)

Sasa hayo “maji”. Kilichojaa mguuni mwako kina protini nyingi, na protini huvuta maji. Vidonge vya kukojoza vinayatoa maji, protini inabaki palepale, mguu unajaa tena, na wewe unaishia kupata kizunguzungu. Miaka ikipita, mafuta na nyuzinyuzi hujengeka chini ya ngozi, ndiyo maana haushuki tena ukilala. Chale gani itamwaga mafuta na nyuzi?

Hizo homa zako pia si minyoo kuamka. Ni bakteria walioingia kupitia ngozi iliyopasuka, mara nyingi katikati ya vidole penye fangasi, na kila shambulio huharibu mishipa zaidi. Halafu anatokea mtu na wembe, anawafungulia milango mipya ishirini! Iwe chale, iwe chuku (kuumikwa), kile kiowevu anachokuonyesha bakulini ni limfu tu. Atalipwa, ataondoka, na mgonjwa ataletwa kwetu anatetemeka kwa homa.

Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushe hadi katikati ya vidole, paka dawa ya fangasi, vaa viatu, uinue ukikaa na uchezeshe kifundo. Homa ikija, pumzisha mguu, uupoze kwa maji baridi, nenda ukaandikiwe antibiotiki. Bendeji ya kubana usijifunge kabla ya kuonwa.

Na wanaume mnaoficha busha (pumbu kujaa maji) mkilaumu madafu: kwetu Pwani mara nyingi ni mbu aenezaye minyoo ya matende aliyewaletea, madafu hayana kosa. Busha kweli lina maji, lakini dawa yake ni upasuaji, mara nyingi mdogo. Anayekudunga sindano uchochoroni ayanyonye anakuachia usaha, na maji yatarudi vilevile.