Masela wa Sinza, hivi ndivyo kapera anavyoishi Berlin

Swali lenu lilikuwa fupi: "Mwanetu, achana na picha za kwenye theluji, tuambie ukweli, huko kapera anaishije? Na mbona siku hizi hupatikani?" Mmoja akaongeza kwamba nimeanza kuringa. Mwingine, yule fundi simu wetu wa pale Kijiweni, akauliza kama hakuna njia na yeye aje. Najibu yote kwa mpigo, na kwa kuwa nawajibu masela sitaremba.

Tuanze na hela, maana najua ndiyo mnayoitaka hata kama mmeizunguka. Kazi yangu ni kubeba boksi, na hapa siyo msemo: ni ghala la vifurushi, zamu ya usiku, mkanda unatembea na mzigo hauishi. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ukipiga saa 40 kwa wiki, mwezi unakuandikia kama euro 2,200. Unakuandikia tu. Kapera anawekwa daraja la kwanza la kodi, na wakishamkata kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni, mkononi inafika kama 1,600. Kuna kipengele nikikiona kwenye hati ya mshahara nacheka peke yangu: ukivuka miaka 23 na huna mtoto, ile bima ya matunzo inakuongezea asilimia 0.6. Kwa mshahara huo ni kama euro 13 kila mwezi, kwa kosa la kutozaa. Mama akiisikia hiyo atajua serikali ya Ujerumani iko upande wake.

Sasa hizo zilizobaki. Zaidi ya theluthi inakwenda kwenye pango. Usafiri wa mwezi, ile tiketi inayopanda mabasi na treni za kawaida nchi nzima, ilianza kwa euro 49 Mei 2023, ikawa 58 mwaka 2025, na mwaka 2026 imefika 63. Halafu kuna ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, inayotozwa kwa nyumba na si kwa kichwa. Familia ya watu sita hapo juu yangu inalipa 18.36, mimi niliye peke yangu nalipa 18.36, na televisheni sina. Joto la chumba ni lilelile nikae mmoja au tukae watatu. Mkate ukiununua mzima, nusu unaota ukungu.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe, kwa sababu wengi mnadhani nilikuwa kapera Sinza na sasa ni kapera Berlin, nimebadilisha anwani tu. Kumbukeni geto letu. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kila mtu anatoa alichonacho na anayepungukiwa anafidiwa. Luku moja kwa nyumba nzima, na kesi za kila wiki kuhusu pasi ya nani imemaliza umeme. Sufuria moja, ugali kwa dagaa, anayechelewa anakuta ukoko. Lile shati jeupe lilihudhuria usaili wa kila mmoja wetu, na viatu vyeusi vilivyomfunga ndoa mwenzetu vilikuwa vya mtu mwingine, tena namba ndogo, mkamwona bwana harusi anavyotembea. Mchumba wa mmoja akija, wanne tunatoka kwenda kukaa barazani kwa mama mwenye nyumba, tunajifanya tunapunga upepo hadi mgeni asindikizwe. Mwenye hela wiki hii analisha wasio nayo, na hakuna aliyeandika deni. Nani kati yetu aliwahi kula peke yake pale? Hata kuumwa tuliumwa kwa zamu.

Ule haukuwa ukapera, ilikuwa kaya isiyo na mke. Ukapera wenyewe nimeukuta huku. Ujerumani, zaidi ya kaya mbili katika kila tano ni za mtu mmoja, kwa hiyo sishangazwi na mtu wala simshangazi mtu. Ukifa chumbani, watakaojua kwanza ni wale wanaokudai.

Baridi msiniulize, koti linatosha. Kinachosumbua ni giza. Desemba jua la Berlin linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama, na mimi ninayefanya kazi usiku naweza kupitisha wiki nzima sijaliona. Juni ni kinyume chake, saa tatu na nusu usiku bado kuna jua, unafunga pazia ili ulale. Mtazoea mkija.

Marafiki ninao, na hapa niwasahihishe mnaosema Wazungu hawana urafiki. Wanao, ila uko kwenye kalenda. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mjerumani, aliponikaribisha kwake mara ya kwanza aliniandikia: Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia sasa, saa tisa hadi saa kumi na mbili. Nilicheka ile "hadi". Nyumbani nani alishawahi kukuambia saa ya kuondoka? Lakini ni huyohuyo, nilipohama chumba, aliyefika saa mbili kamili asubuhi kama alivyosema, tukapandisha mashine ya kufulia ghorofa nne zisizo na lifti, akala mkate, akanawa mikono, akaaga. Hakuomba kitu na hakuwahi kunikumbusha. Mimi na ninyi tunajuana tangu shule, na siku niliyohamisha vitu kutoka Mwananyamala kuja Sinza tuseme ukweli, mlikuja saa ngapi?

Pamoja na hayo, mezani bado kila mtu yuko na chake. Kiangazi tunachoma nyama Tempelhofer Feld, kiwanja cha ndege kilichofungwa mwaka 2008 na kugeuzwa bustani, na kuna sehemu zimetengwa kwa ajili ya kuchoma. Mara ya kwanza nilikwenda na mapaja ya kuku ya kutosha watu wanane, nimeyalaza na limau, tangawizi na kitunguu saumu tangu jana yake. Kumbe kila mtu amekuja na soseji zake mbili na anazijua zilipo juu ya jiko. Waliniangalia kama nafungua mgahawa. Ila kuku walimmaliza, na mwaka uliofuata ujumbe wa kwanza kunifikia ulihusu yule kuku.

Rafiki wa karibu zaidi ni Mkameruni wa pale ghalani. Kifaransa chake sikijui, Kiswahili changu hakijui, tunazungumza Kijerumani kibovu ambacho Wajerumani wenyewe hawakielewi, na tunacheka vizuri tu. Jumapili maduka yamefungwa, kelele hazitakiwi, kwa hiyo tunatembea. Mtaa wetu wa Wedding una kitongoji kizima chenye majina ya Afrika: kuna barabara ya Kameruni, ya Togo, ya Uganda, na ya Zanzibar. Walizipa majina hayo kwa kujivunia makoloni. Moja mwaka 1939 ilipewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani wa mkataba na chifu Mangungo wa Msovero tuliyekuwa tunamkariri darasani. Tangu Agosti 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mkameruni anasimama chini ya kibao cha Kameruni anapiga picha kama mwenye nyumba, mimi nadai kodi Zanzibar.

Na siku nikizidiwa kabisa, treni ya U6 inanipeleka makumbusho ya viumbe asilia kumsalimia Mlindi mwenzetu, yule mjusi mkubwa, dinosaria, wa Tendaguru mkoani Lindi. Alichimbuliwa kati ya 1909 na 1913, na sasa amesimama zaidi ya mita 13, watoto wa shule wanampiga picha. Mifupa yake babu zetu waliibeba vichwani kutoka Tendaguru mpaka bandarini Lindi. Yeye alikuja ndani ya maboksi, mimi nimekuja kuyabeba.

Mmeniuliza pia ninachokikumbuka. Mnadhani nitasema bahari au pilau. Ninachokikumbuka ni hodi. Mtu kusukuma mlango bila kupiga simu, akakuta mnakula, akanawa. Huku kengele ikilia bila miadi najua ni mtu wa vifurushi, tena si vyangu, ni vya bibi wa ghorofa ya pili. Kwa sababu mchana nipo nimelala, jengo zima limenifanya bohari. Bibi huyo naye anaishi peke yake, na akija kuchukua mzigo wake anakaa dakika kumi mlangoni ananieleza magoti yake. Nikikosekana siku mbili anaulizia. Sijui kama huo ni urafiki, lakini nikisafiri funguo ninamwachia yeye.

Nakumbuka na kibanda umiza. Siku ya Simba na Yanga, benchi la watu wanne mmekaa saba, jasho, kelele, jenereta likizima katikati ya penalti watu wanataka kumpiga mwenye kibanda. Siku hizi natazama kwenye simu, na intaneti inachelewa, kwa hiyo ninyi kwenye kundi mnaandika "goooli" wakati kwangu kipa bado ameshika mpira. Nimewaomba mara ngapi? Nikizima ujumbe naona nimewakosa, nikiuacha nasimuliwa mechi kabla haijatokea. Nauacha.

Sasa hili la kuringa. Nilipokuja likizo nilimpigia mmoja wenu kumwomba nipite kwake, akaniuliza, "Kwani kwangu kuna geti?" Nikaona aibu. Lakini nilipofika, mke wake alikuwa anakagua daftari za watoto, yeye ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, foleni imemla saa mbili, na tulikaa kwa saa moja akiangalia saa kwa kuibia. Mwingine yuko Chanika, mwingine Kibaha, fundi simu peke yake ndiye amebaki Sinza. Nilipouliza mara ya mwisho mmekutana wote lini, mkatazamana: msiba wa baba wa mwenzetu. Pale Kijiweni nilikuta vijana wengine kabisa wamekalia jiwe letu, wakanisalimia "shikamoo".

Kwa hiyo msiutupie umbali kila kitu. Lile geto nalililia huku, na ninyi mnalililia Chanika, tofauti ni kwamba ninyi mmelibadilisha na watoto na mimi nimelibadilisha na kiti kimoja mezani. Na nitawaambia jambo ambalo mama hapaswi kulisikia: kuna siku ninakipenda hicho kiti. Natoka zamu, nakunywa chai, hakuna anayeniomba, hakuna ninayemwomba, hakuna Luku ya kugombania. Nikiugua naonyesha kadi ya bima, natibiwa, hakuna kundi la michango linalofunguliwa kwa jina langu. Kiasi kidogo ninachotuma kimemsomesha mdogo wangu hadi chuo. Nikae kijiweni kutwa nzima tena? Siwezi. Nimekuwa mtu wa kukasirika mkutano wa saa nne ukianza saa tano, na hilo najua linaudhi.

Kurudi nitarudi, ila si mwaka huu, na kuoa msiniulize kwenye kundi ambalo dada yangu yumo.

Fundi simu, njia zipo ila hakuna ya mkato. Barua ya mwaliko unayoniomba siyo karatasi tu: nikiisaini nawajibika kwa gharama zako zote hadi miaka mitano, na kwa mshahara niliowatajia hawatanikubalia. Ukija kusoma wanataka uonyeshe kwenye akaunti maalumu euro 11,904 za mwaka mmoja. Njia inayokufaa wewe ni mafunzo ya ufundi, yale ya kusoma huku unalipwa, na yanataka Kijerumani cha kueleweka. Anza lugha hapo Dar kabla hujauza kiwanja. Usiuze kiwanja.

Mchango wa sendofu ya dada wa mwenzetu nitatuma mshahara ukiingia, niandikeni pale juu lakini bila kiasi. Na mnisaidie kitu kimoja: majira ya baridi mko mbele yangu kwa saa mbili. Mkinipigia saa nne asubuhi yenu, kwangu ni saa mbili, ndiyo kwanza nimefumba macho. Pigeni jioni, saa kumi na moja hivi, hapo nimeamka, na hata kama hamna cha kusema, pigeni tu.