Mteja kaandika "chumba master", wewe umeandika "suluhisho la makazi"

Tuna programu ya kutafutia nyumba za kupanga Dar. Keyword Planner, zana ya Google ya kupimia maneno yanayotafutwa, inasema maneno yetu yanatafutwa mara 10 hadi 100 tu kwa mwezi. Tuhamie soko jingine?

Hameni maneno kwanza. Mmepima "suluhisho la makazi ya kisasa", lugha ya kikao cha wawekezaji. Mpangaji anaandika "chumba master Sinza", "chumba na sebule Mbagala", "nyumba ya kupanga bila dalali". Fungueni WhatsApp ya biashara, nakilini jumbe 50 za mwisho za wateja kama zilivyo, na makosa yake ya tahajia. Kila neno liandikeni Google kwenye dirisha la faragha, msibonyeze kitu, msome mapendekezo yanayoshuka. Kisha tafuteni, mtazame ukurasa wa kwanza. Ukijaa tovuti kubwa za matangazo, shukeni hadi mtaa. Mkikuta mabandiko ya zamani ya Facebook, hapo pana nafasi. Kila hitaji lipate ukurasa wake. Sinza isichanganywe na Mbagala.

Neno "kodi" lina mtego: ni la mpangaji na ni la TRA. Andikeni "kodi ya chumba kwa mwezi", ieleweke.

Na hiyo 10 hadi 100 ni kadirio la kuanzia hapa hadi pale tu. Akaunti isiyolipia matangazo haipewi idadi kamili. Hata hivyo, watu 30 wanaotafuta chumba wiki hii wana faida kwenu kuliko 5,000 wanaouliza mali isiyohamishika ni nini.

Niweke maneno mangapi kwenye meta keywords, ile orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa?

Usiweke hata moja. Google ilitangaza Septemba 2009 kuwa haiyatumii. Swali hili linachosha.

Tovuti ina miezi 3, hata nikiandika jina la kampuni haitokei. Ni ushindani?

Kwa jina lako mwenyewe? Hapo mlango umefungwa kwa ndani. Andika site: na anwani yako bila kuacha nafasi. Pasipotoka kitu, ingia Search Console, zana ya Google ya mwenye tovuti, ukague ukurasa wa mwanzo. Mara nyingi fundi amesahau noindex ya wakati wa majaribio, yaani amri ya kuiambia Google isiuonyeshe ukurasa; kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni kisanduku kimoja tu katika mipangilio ya usomaji. Toa tiki, kisha omba ukurasa usomwe upya. Lakini robots.txt, faili linaloiambia Google wapi isiingie, ikiwa bado inaizuia, haitaingia kuona kwamba noindex imetoka, kwa hiyo anza na hiyo.

Halafu, Search Console na jina la tovuti viandikishwe kwa barua pepe ya kampuni. Mkigombana na fundi huku kila kitu kiko kwake, mtaanza upya.

Kuna mtu anatuuzia viungo 1,000 vya tovuti nyingine kuelekea kwetu, kwa bei poa.

Kataeni. Google inawasaka wanunuzi wa viungo waziwazi, na Penguin ya 2012 ilikuwa mfumo wake wa kushusha tovuti zenye viungo vya hila. Pesa hiyo lipieni picha halisi za vyumba, choo kikiwemo.

Tuandike Kiswahili au Kiingereza?

Lugha ya zile jumbe 50. Nairobi mpangaji wa aina hiyohiyo anaandika "bedsitter", kwa hiyo kuutafsiri ukurasa wa Dar hakutamfikia. Mkitumia lugha zote mbili, kila moja iwe na anwani yake, /sw/ na /en/, zielekezane kwa hreflang, alama ya kwenye msimbo inayoiambia Google ukurasa ni wa lugha gani. Mkiweka kitufe cha kugeuza maandishi kwenye anwani ileile, Google itasoma lugha inayofunguka kwanza na kuondoka.